Shimo Halina Jina, Sasa Namchongea Nani?

Huku baridi imeanza kupungua na baiskeli nimeshaitoa stoo. Wengi mnajua kwamba kazini naenda kwa baiskeli, na wengi mmeshanicheka ("umepanda ndege mpaka Uingereza ili uendeshe baiskeli?"). Hilo nimelizoea. Leo nina dukuduku jingine.

Juzi kwenye grupu la familia nilituma picha ya shimo. Shimo tu, kwenye njia ya baiskeli, limejaa maji ya mvua. Nikaeleza kwamba nimeliripoti kwenye FixMyStreet. Kumbe nimechokoza nyuki! Shemeji akaandika: "Yaani kazi yako huko Ulaya ni kuchongea?" Mwingine akadakia kwamba ni kimbelembele, nchi ya watu niiache kama nilivyoikuta. Halafu rafiki yangu mmoja niliyesoma naye, niliyemsimulia habari hiyo, akamalizia: hayo ni mambo ya Wazungu, kwetu hata ukiripoti nani atasoma?

Siku ile sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Leo najibu, na nitawajibu wote watatu.

Kwanza mjue kitu chenyewe. FixMyStreet ilianzishwa hapa Uingereza mwaka 2007 na shirika la hiari linaloitwa mySociety. Unafungua ukurasa, unaandika posta kodi au jina la mtaa, ramani inatokea. Unabonyeza pale penye tatizo, unaandika maneno mawili matatu, unaweka picha, basi. Mfumo wenyewe unajua eneo lile ni la halmashauri gani na unaipelekea taarifa. Huna haja ya kujua ofisi iko wapi wala kupanga foleni. Baada ya wiki nne unaletewa barua pepe ya kukuuliza: je, limezibwa?

Lakini utamu wenyewe uko hapa: taarifa yako haifichwi kwenye faili la mtu. Inabaki pale kwenye ramani, na tarehe yake, kila mpita njia aione. Jina lako unaweza kulificha. Shimo halifichwi.

Sasa kuhusu kuchongea. Shemeji, kuchongea ni kumpelekea mkubwa habari za mtu ili aumie. Mimi nimepeleka habari za nani? Shimo halina jina, halina mke, halina watoto watakaolala njaa. Nikisema "kwenye njia ya baiskeli, chini ya daraja la reli, mfuniko wa mtaro umezama", hapo nimemharibia nani riziki?

Aliyekaribia kuharibikiwa ni mimi. Mwezi Januari, jioni, giza limeshaingia, tairi la mbele lilizama palepale nikaruka juu ya usukani. Mungu ni mwema, nilitoka na kiwiko kilichochubuka na suruali iliyochanika. Usiku nilipofungua ramani nikakuta kuna mtu asiyejulikana aliyeliripoti shimo lile wiki tatu kabla yangu, na picha ameweka! Nikaongeza ya kwangu chini yake. Wengine wawili nao wakaongeza zao. Siku ya tisa wakaja watu na gari la lami wakaziba. Mwezi uliopita kiraka kikafumuka, nikaripoti tena. Ndiyo picha niliyowatumia.

Mnadhani halmashauri ya hapa inaziba kwa upendo? Wapi! Kuna sheria ya barabara ya mwaka 1980, Highways Act. Kifungu cha 41 kinaipa mamlaka ya barabara wajibu wa kuitunza. Mtu akiumia akaenda mahakamani, kifungu cha 58 kinairuhusu mamlaka kujitetea kwamba ilichukua tahadhari ya kutosha. Na mahakama, pamoja na mambo mengine, huangalia kama mamlaka ilijua hali ya barabara au ilitarajiwa kuijua. Sasa kama taarifa iko hadharani na picha na tarehe, atasimama nani aseme "hatukujua"? Ule ujumbe wa mtu asiyejulikana wa wiki tatu kabla yangu ulikuwa umeshawanyang'anya kauli hiyo.

Na hapo ndipo ninapotaka kuwauliza swali gumu kidogo, mnisamehe. Mjomba aliumiaje mguu?

Wote mnajua. Alitumbukia kwenye chemba isiyo na mfuniko, usiku, akisukuma baiskeli yake kutoka msikitini. Nilipopiga simu kila mtu aliniambia "ah, ile chemba ya pale kona, iko wazi tangu mwaka juzi". Muuza chipsi alikuwa anajua. Watoto wa shule walikuwa wanairuka. Kuna mtu alishaichomekea tawi la mti liwe alama, likaoza. Mtaa mzima ulijua, na hakuna hata karatasi moja iliyoandikwa. Mjomba alipofungwa hogo, ofisi ilijibu nini? Kwamba haikuwa na taarifa. Na kwa maandishi walikuwa wanasema kweli!

Tunaogopa kuitwa wachongezi, kwa hiyo tunachomeka tawi la mti na kunyamaza. Mimi naona hiyo siyo heshima. Heshima ingekuwa kumkinga mzee asivunjike mguu.

Sasa hili la "mambo ya Wazungu". Rafiki yangu, umesahau neno Ushahidi? Siyo Kiingereza hicho. Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya walitengeneza mfumo wa kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Ukawa programu huria, na mwaka 2010 ulitumika Haiti baada ya tetemeko. Dar es Salaam nako, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mitaa inayofurika kwenye mradi wa Ramani Huria, wakitumia OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuichora na kuitumia bure. Kwa hiyo ramani tunayo na vijana tunao.

Na FixMyStreet yenyewe nayo ni programu huria. Maana yake msimbo wake uko wazi: unauchukua bila kulipia, unautafsiri, unaubadilisha. Sharti ni kwamba ukiubadilisha na kuutumia kwenye mtandao, mabadiliko yako nayo uyaache wazi kwa wengine. Norway wameuchukua, Malaysia wameuchukua, na hata jiji la Zürich kule Uswisi, na utajiri wao wote, liliona heri kuazima kuliko kutengeneza lake. Kwa hiyo siku mkisikia mfumo wa kupokea malalamiko unahitaji mabilioni na mshauri mwelekezi, ulizeni yanakwenda wapi.

Sitaki kuwadanganya. Programu haizibi shimo, koleo ndilo linaloziba. Kompyuta ya kuhifadhia inalipiwa, na lazima awepo mtu wa kusoma na kujibu. Huku pia kuna taarifa zinazojibiwa "tumekagua, hakuna cha kufanya", na shimo unaliona kwa macho yako. Lakini hata jibu hilo la kijinga linabaki pale hadharani, na siku mtu akianguka litasomwa.

Ndiyo jibu langu kwa "nani atasoma?" Leo pengine hatasoma mtu. Ila atakayeumia kesho atakuwa na karatasi mkononi, na mjomba hakuwa nayo.

Kwa hiyo naomba kutoa hoja. Kabla hatujapata programu yoyote, simu za kamera mnazo. Ile chemba nasikia bado iko wazi. Mmoja wenu aipige picha kesho asubuhi, aandike barua ya mistari mitatu yenye tarehe, aipeleke kwa mtendaji wa mtaa, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Nyingine ibandikwe pale kwa muuza chipsi, kila mtu aisome. Na wewe rafiki yangu uliyesomea kompyuta, ukiwa tayari kuutafsiri mfumo ule kwa Kiswahili, mimi jioni zangu zote za Jumapili ni zako.

Shemeji, muhuri ukishagongwa nitumie picha kwenye grupu. Nisalimieni mjomba, mwambieni magongo asiyaache mpaka daktari aseme.