Historia ya Sanaa si Mzigo

Wapo wanafunzi wa usanifu na uhuishaji wa katuni wanaoliona somo la historia ya sanaa kuwa mzigo. Wadai kompyuta yawatosha. Dai hili ni potovu. Mwaka wa 1926 ilionyeshwa filamu ya Mjerumani Lotte Reiniger, iliyotokana na Alfu Lela Ulela. Alikata vivuli vya wahusika kwa makasi, akavisogeza kidogo kidogo chini ya kamera. Msukumo aliupata katika michezo ya vivuli ya Asia, iliyomtangulia kwa karne nyingi. Asiyeijua historia hiyo huishia kuiga anachopewa na programu. Nasi wa Kiswahili tusicheke: wangapi wetu hutunga mashairi huru bila kusoma utenzi hata mmoja? Mwacha asili ni mtumwa.