Jiko la Mkaa Lisilale na Watu

Wananchi wa Bukoba na Muleba hawahitaji kufundishwa maana ya baridi. Mji wa Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na huko juu Kamachumu ukungu huwakuta watoto njiani kwenda shule. Familia inayoliingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa mvua, ikafunga mlango na dirisha, inatafuta joto tu. Lakini ni dhahiri kwamba joto hilo linaweza kuiangamiza nyumba nzima kabla ya alfajiri.

Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kubeba oksijeni. Kichwa huuma, macho huona kizunguzungu, mwili hulegea; aliye usingizini hajui lolote. Kosa lililoenea, hata miongoni mwetu tuliosoma, ni kuamini kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, hatari nayo imekwisha. Sivyo hata kidogo. Makaa hayo yaliyotulia huendelea kutoa sumu kwa wingi, na moshi uliokuwa ukituonya haupo tena.

Wapo wanaouliza mbona wazee waliota moto ndani ya msonge wasife. Moshi uliwaumiza macho na vifua, hilo halina ubishi, lakini paa la nyasi lilipitisha hewa. Chumba cha leo cha matofali, chenye dari na dirisha la vioo, hakipitishi. Na mwalimu au mtumishi aliyehamishiwa mkoani Kagera, akapanga chumba kimoja, mara nyingi hupika, husahihisha madaftari na kulala humo humo.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Tunauunga mkono bila kusita. Hata hivyo, bei ya kujaza mtungi wa gesi bado huwarudisha wengi kwenye mkaa, na kabla ya 2034 zipo masika nyingi.

Kwa hiyo wenye nyumba wanaopokea kodi hawana budi kuacha matundu ya hewa na kujenga banda la kupikia nje. Maofisa afya wa kata wasiridhike na kukagua vyoo. Mabalozi wa mashina walisemee jambo hili. Mwalimu wa Kemia anapoandika CO ubaoni, alitaje jiko la mkaa, na jenereta pia.

Watu wa chumba kimoja wakiamka wote vichwa vikiwauma, tusikimbilie kusema ni malaria. Watolewe nje mara moja, wapelekwe hospitali wapewe oksijeni. Maziwa hayasaidii, maana sumu hii huingia kwa mapafu wala si kwa tumbo, na aliyepoteza fahamu akinyweshwa anaweza kupaliwa. Mama mjamzito apelekwe hata akisema amepata nafuu, kwani mtoto aliye tumboni huweza kudhurika kuliko yeye.