Siti Alipata Mwandishi, Sisi Tunasubiri Nini?

Juzi nilikaa kijiweni hapa Engutoto na kitabu cha Laura Fair, Reel Pleasures, kilichotoka 2018. Ni historia ya majumba ya sinema Tanzania: wenye majumba, walanguzi wa tiketi na watazamaji wenyewe. Nikamwambia mzee fundi viatu kwamba humo kuna habari za watu waliojazana kuona filamu za Kihindi. Macho yakamng'aa. "Mimi nilikuwepo! Hebu lete nisome." Akafungua, akafunga. Kiingereza mwanzo mwisho.

"Kumbe tumeandikwa," akasema, "ila hatukuambiwa."

Simlaumu Fair. Simlaumu Kelly Askew wa Performing the Nation (2002), wala Alex Perullo wa Live from Dar es Salaam (2011). Walikuja, wakakaa na wanamuziki wetu, wakafanya kazi. Sisi tulikuwa wapi? Perullo anaeleza jinsi muziki wa Bongo unavyoingiza pesa na pesa hizo zinavyopotea: studio, redio, haki miliki, kanda za wizi. Kijana wa Kijenge anayesaini mkataba bila kuuelewa anakihitaji kitabu hicho kuliko profesa yeyote wa Marekani. Lakini hatakisoma.

Msiniambie Kiswahili hakina utamaduni wa vitabu vya namna hii. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad. Mshairi mkubwa namna ile hakuona haya kusimulia maisha ya mwimbaji wa taarab. Sisi wenye digrii ndio tunaona muziki na filamu ni mambo ya ukurasa wa udaku.

Nasema "sisi" kwa sababu nami nimo. Nimeshaandika sana nani kaachana na nani. Jiji hili lilitoa X Plastaz, waliochanganya rap na uimbaji wa Kimaasai. Albamu yao ya Maasai Hip Hop ilitolewa na kampuni ya Ujerumani mwaka 2004. Faza Nelly akafariki 2006. Waliorekodi naye, waliomjua tangu utotoni, wengi tunapishana nao barabarani. Mimi, mwandishi wa habari wa mji huu, sijawahi kumkalisha chini hata mmoja wao nikaandika walau kurasa hamsini. Aibu hiyo ni yangu, si ya mzungu.

Wachapishaji nao wana wimbo wao: hakuna soko, Watanzania hawasomi. Hawasomi nini? Kanumba alipofariki 2012, magazeti yaligombewa kama maji ya bomba. Watu wana njaa ya kusoma habari za wasanii wao, sisi tunawapa makombo, halafu tunasema hawali.

Fundi wangu ameshapita miaka sabini. Akiondoka, foleni zake zote za sinema zinaondoka naye, zitabaki zile tu alizoziandika mgeni. Jumamosi narudi kijiweni, safari hii na daftari. Na wewe unayesoma hapa, usiniachie mzigo peke yangu: mtaani kwako yupo nani?