TATHMINI YA KAZI SI HISANI YA MKUBWA

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru mtumishi wa umma nchini alipimwa kwa taarifa ya siri. Mkuu wake wa kazi aliandika, akatia saini, akafunga bahasha. Naye aliyeandikwa hakupewa nafasi ya kuyaona maneno hayo, sembuse kuyajibu. Aliyepandishwa cheo hakujua sababu, na aliyeachwa hakujua kosa. Utaratibu huo haukulingana hata kidogo na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliowataka viongozi waache ubwana na dharau kwa walio chini yao.

Mwaka 2004 Serikali iliifungua bahasha hiyo kwa kuanzisha Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliozoeleka kwa jina la OPRAS. Mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka, kuyapitia katikati, na kuyapima mwishoni. Nia ilikuwa njema. Lakini ukweli hauna budi kusemwa: mahali pengi fomu hizo zilijazwa kwa pupa mwezi Juni, nyingine zikinakiliwa mwaka hata mwaka. Ndipo Serikali ikaleta, katika mwaka wa fedha 2023/2024, mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Wizara ya Utumishi wakati huo iliongozwa na Ndugu George Simbachawene, Mbunge wa Kibakwe. Basi ni halali kuuliza: mfumo huo utamfaaje mwalimu na bwana shamba wa Kibakwe kwenyewe?

Jibu la kwanza limo mikononi mwa mtumishi. Lengo lisemalo "kuinua taaluma" halipimiki, na lisilopimika halimtetei mtu. Mwalimu na aandike ni watoto wangapi wa darasa la pili watakaoweza kusoma aya na kuieleza ifikapo Novemba. Bwana shamba wa bonde la Lumuma, wanakolima vitunguu, na ataje ni wakulima wangapi atakaowatembelea, na kwa jambo gani. Kisha kila mmoja aweke daftari, aandike kila wiki alichofanya na kilichomkwamisha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho pia ni mali.

Jibu la pili ni la msimamizi. Si haki kumpima mwalimu kwa vitabu asivyopewa, wala bwana shamba kwa safari asizopatiwa usafiri. Palipo na mtandao hafifu, msimamizi asimhesabie mtumishi kuchelewa kwa mtambo kuwa ni uvivu wake. Na atoe maoni yake mapema, uso kwa uso. Kasoro inayotajwa mwezi Oktoba ni fundisho. Kasoro hiyo hiyo ikifichwa mpaka Juni imekuwa mtego.

Mtumishi anayeona amepunjwa asikae kimya, wala asinung'unike vijiweni. Aje na daftari lake, aeleze kwa adabu na kwa maandishi. Vilevile anayeambiwa kweli asiione kuwa ni uadui. Wapo wenzetu wachache wanaotaka kupanda cheo kwa umri wa ajira tu, nao wapewe maksi wanazostahili bila kuoneana haya. Kumpa mvivu maksi za mchapa kazi ni kumdhulumu mchapa kazi.

Kompyuta haina huruma wala upendeleo, lakini pia haina macho. Itaonyesha kile tu tulichoiandikia. Tukiidanganya, tutakuwa tumeirudisha bahasha ya zamani kwa sura mpya. Mpimaji wa mwisho ni mwananchi: mzazi wa Kibakwe anayempa mwanawe barua asome, akasikia inasomwa. Tathmini isiyomfikia mzazi huyo ni karatasi tu. Watumishi na wasimamizi wao wakae pamoja sasa, wasingoje Juni.