Amri ya Mungu na Cheti cha Kifo

Miongoni mwa Waafrika Mashariki wanaoishi Doha, mji mkuu wa Qatar, na jamaa zao waliobaki Mombasa, Kampala au Tanga, hakuna kauli inayotamkwa upesi baada ya msiba, au baada ya mtu kuponea msiba, kuliko kusema kwamba ilikuwa amri ya Mungu. Kauli hiyo ni sehemu ya imani, nayo huwashika waliofiwa wasianguke. Hata hivyo imezoeleka pia kutumiwa kuzima maswali ambayo dini zenyewe zimeamuru yaulizwe, yaani nani aliyepaswa kuuzuia msiba huo na kwa nini hakuuzuia. Wanaothubutu kuyauliza mara nyingi ni vijana, na kwa sababu hiyo huambiwa na wazee wao kuwa wamekosa subira, au hata kwamba wanashindana na Muumba. Makala haya yanashikilia kinyume chake: kwamba familia iliyonusurika kifo ina deni la shukrani lisilolipwa kwa sala peke yake, na kwamba kijana anayedai haki za binadamu, ambazo ni stahili za mtu kwa kuwa ni mtu na si hisani ya mwajiri wala ya dola, analilipa deni hilo kwa niaba ya nyumba nzima.

Ushahidi wa jambo hili umo Doha kwenyewe. Tarehe 28 Mei 2012 moto ulizuka katika Villaggio, jengo kubwa la maduka ambamo mlikuwa na kituo cha kulelea watoto wadogo. Walikufa watu 19: watoto 13, walimu wanne wa kituo hicho na wazimamoto wawili, na miongoni mwa watoto hao walikuwamo mapacha watatu wa miaka miwili, wa familia moja ya New Zealand. Kwa kuwa ngazi ya kukifikia kituo ilikuwa imeharibiwa na moto, waokoaji walilazimika kutoboa paa ili wawafikie watoto, na walipofika moshi ulikuwa umekwisha watangulia. Watu wengine wengi waliokuwa madukani siku ile walitoka wazima. Mtu angeweza kusema kwamba waliotoka walikuwa hawajafikiwa na ajali yao, yaani ule muda wa kufa uliopangiwa kila kiumbe, na kwamba waliobaki ndani siku zao zilikuwa zimetimia; na kwa upande wa imani asingekuwa amekosea. Lakini kamati ya uchunguzi iliyoundwa na serikali ya Qatar ilieleza kwamba moto ulitokana na hitilafu ya nyaya za umeme za taa ya duka moja, na kwamba masharti ya usalama hayakuzingatiwa na waliohusika. Juni 2013 mahakama ya Doha iliwatia hatiani watu watano kwa kosa la kusababisha vifo pasipo kukusudia, na adhabu kubwa ilikuwa kifungo cha miaka sita. Kisha shauri likapanda na kushuka ngazi za rufaa kwa miaka, huku baadhi ya wazazi wakilifuatilia bila kuchoka. Wazazi hao hawakuwa wanamkana Mungu. Walikuwa wanataka ijulikane ni mkono wa nani uliolegea.

Katika Uislamu, kuamini kadari, maana yake kuamini kwamba heri na shari zote zimo katika ujuzi na uwezo wa Mwenyezi Mungu, ni nguzo mojawapo ya imani, lakini nguzo hiyo haijapata kuwa hoja ya kumwachilia mwenye kosa. Kurani, katika Sura ya Wanawake, inapomzungumzia aliyeua bila kukusudia haisemi kwamba mambo yaishie hapo; inamtaka atoe kafara, na jamaa wa marehemu walipwe diya, ambayo ni fidia ya damu, isipokuwa wakisamehe wao wenyewe. Ina maana kwamba anayeamini kuwa marehemu wake alifikiwa na siku yake haachi kuidai diya, na anayeidai diya haachi kuamini. Yule mtu wa katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, aliyetaka kumwacha ngamia wake ovyo kwa kumtegemea Mungu, aliagizwa na Mtume amfunge kwanza ndipo ategemee. Kwa upande wa Wakristo, na Wayahudi kabla yao, Torati katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati inamwagiza mwenye kujenga nyumba mpya ajenge ukingo juu ya dari yake, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Ni vigumu kupata maneno yaliyo wazi zaidi: mtu akianguka mahali pasipo na ukingo, kitabu kitakatifu kinamtazama mwenye nyumba.

Na mtu alianguka. Desemba 2022, mashindano ya Kombe la Dunia yakiwa yamefikia hatua ya robo fainali, mlinzi Mkenya wa miaka 24 alianguka katika uwanja wa Lusail, kaskazini mwa Doha, akalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na siku tatu baadaye akafariki dunia. Waandaaji walikithibitisha kifo hicho na kutoa rambirambi. Jamaa zake huko Kenya walilalamika hadharani kwamba hawakupewa maelezo ya kutosheleza ya jinsi kijana wao alivyoanguka, wakataka waambiwe. Fainali ilichezwa katika uwanja huohuo tarehe 18 mwezi ule, ikatazamwa na dunia nzima, pamoja na watu wa Nairobi waliokaa mbele ya runinga, na swali la familia hiyo halikuwa na pa kukaa katika sherehe ile.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nacho ni karatasi moja ndogo. Sheria ya kazi ya Qatar inampa mrithi wa mfanyakazi aliyekufa kwa sababu ya kazi haki ya kulipwa fidia, na kiwango cha diya nchini humo kimewekwa kuwa riali 200,000. Lakini haki hiyo hutegemea sababu ya kifo kama ilivyoandikwa kwenye cheti. Ikiwa cheti kinasema kwamba marehemu alikufa kwa sababu za asili, au kwamba moyo ulisimama, basi kifo hicho hakihesabiwi kuwa cha kazini na warithi hawapati kitu. Agosti 2021 shirika la Amnesty International lilieleza kwamba, katika vyeti 18 vya wafanyakazi wahamiaji lilivyovipitia, 15 havikueleza chochote cha maana kuhusu kilichowaua, ila vilitaja tu moyo kushindwa kufanya kazi au pumzi kukatika. Tena mapema sana, mwaka 2014, ripoti ya mawakili iliyoagizwa na serikali ya Qatar yenyewe ilikuwa imependekeza sheria ibadilishwe ili maiti za watu waliokufa ghafla zifanyiwe uchunguzi wa kitabibu. Kila moyo wa kila mtu husimama anapokufa, kwa hiyo kuandika hivyo ni kutoandika kitu. Basi mjane wa Kisumu anapopokea cheti cha namna hiyo, na wazee wakamwambia ashukuru kwa yote, maneno mawili yanakutana bila kujuana, la karani na la mzee, na yote mawili yanafunga mlango uleule. Mzee husema kwa huruma na karani husema kwa mazoea. Mjane hubaki na watoto wasio na karo.

Wanaonusurika nao ni wengi kuliko wanaokufa. Kwa hesabu ya Shirika la Kazi Duniani, katika mwaka 2020 pekee wafanyakazi 50 walipoteza maisha kazini nchini Qatar na wengine 506 waliumia vibaya, maana yake kwa kila aliyekufa walikuwapo kumi waliokaribia. Hao kumi wana wazazi, wana wake au waume, na simu ya usiku ilipolia nyumbani kwao ilileta habari ya hospitali badala ya habari ya jeneza. Familia hizo hufunga, hutoa sadaka, husoma hitima au huenda kutoa ushuhuda kanisani, na hufanya vyema. Lakini ni chache sana zinazouliza kama jukwaa lililoanguka limetengenezwa kabla mtoto wa mtu mwingine hajapandishwa juu yake. Shukrani inayoishia kwa aliyeokoka peke yake ni shukrani pungufu.

Wapo wanaodhani kwamba haki za wafanyakazi ni jambo la kidunia lisilowahusu viongozi wa dini. Na waitazame Ijumaa. Sheria ya Qatar inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko kila wiki, nayo haimruhusu kufanya kazi zaidi ya saa 60 kwa wiki, pamoja na zile za ziada. Kwa kawaida siku hiyo ni Ijumaa, ambayo ndiyo ya sala ya jamaa kwa Waislamu, na kwa kuwa ndiyo ya mapumziko, makanisa yaliyoko Mesaimeer, eneo nje kidogo ya katikati ya jiji lililotengwa kwa ibada za Wakristo na ambalo kanisa lake Katoliki la Mama Yetu wa Rozari lilifunguliwa mwaka 2008, nayo hujaa watu Ijumaa kuliko hata Jumapili. Katika ripoti yake ya Aprili 2022 kuhusu walinzi wa kampuni binafsi, wengi wao wakitoka Kenya na Uganda, Amnesty ilieleza kwamba wengi wa waliohojiwa walifanya kazi saa 12 kwa siku, siku saba za wiki, wengine kwa miezi mfululizo bila siku hata moja ya kupumzika. Saa 84 za wiki hazina Ijumaa ndani yake. Kabla mwajiri hajaichukua afya ya mlinzi huyo alikwisha ichukua ibada yake, na imamu au padri anayeona mahali pa mtu pamekuwa wazi mwezi mzima ana sababu ya kidini kabisa ya kuuliza yuko wapi na anafanyishwa nini.

Aliyeyaandika mambo haya kutoka ndani alikuwa kijana wa Kenya, Malcolm Bidali, mlinzi aliyekuwa akifanya kazi Doha na kuandika, kwa jina la kubuni la Noah, juu ya vyumba vilivyosongamana, saa ndefu za kazi na maisha ya wenzake. Usiku wa tarehe 4 Mei 2021, akiwa na umri wa miaka 28, siku chache baada ya kuzungumza kwa njia ya video na mashirika ya kiraia na vyama vya wafanyakazi, alichukuliwa kutoka bwenini kwake na maofisa wa usalama, akawekwa peke yake kizuizini kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Julai mwaka ule alitozwa faini ya riali 25,000 chini ya sheria ya makosa ya mtandaoni ya mwaka 2014, kwa tuhuma ya kueneza habari za uongo, pasipo kufikishwa mbele ya mahakama. Agosti akaondoka Qatar. Mambo aliyoyaandika ni yaleyale yaliyokuja kuelezwa kwa kirefu katika ripoti ya Amnesty ya Aprili 2022 iliyotajwa hapo juu. Hofu ya mzazi anayemsihi mwanawe wa Doha anyamaze si ya kudharauliwa, kwa maana gharama yake imeonekana. Kinachopaswa kuonewa aibu ni kwamba gharama hiyo aliachiwa mtu mmoja, tena mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa wengi waliomjua na kukaa kimya.

Haki inataka kusema pia yaliyotengenezwa, na yapo. Agosti 2020 Qatar iliondoa sharti la mfanyakazi kupata ruhusa ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine, sharti lililokuwa uti wa mgongo wa kafala, yaani utaratibu wa udhamini uliomfunga mgeni kwa mwajiri mmoja. Machi 2021 ukaanza mshahara wa chini wa riali 1,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, wa nyumbani akiwemo. Na mwaka huohuo ikakatazwa kazi ya nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Mabadiliko hayo yalikuja baada ya miaka ya watu kuandika, kulalamika na kushitaki, na yanahitaji watu wa aina hiyohiyo ili yasibaki kwenye karatasi.

Basi inawapasa vijana waliopo Doha wazijue sheria hizi kabla ya kuzilalamikia, watunze nakala za mikataba, orodha za zamu na hati za mishahara, na wapeleke mashauri yao kwanza kwenye kamati za kusuluhisha migogoro ya kazi zilizoanza mwaka 2018, wakijua vilevile kwamba sheria ya mtandaoni ipo na kwamba wageni hawaruhusiwi kuunda chama cha wafanyakazi. Inawapasa wazazi waache kuwaita wakorofi. Na inazipasa kamati za mazishi, zile ambazo kila jumuiya ya Waafrika Mashariki ughaibuni huziunda ili kuchanga fedha za kusafirisha maiti, ziongeze kazi moja juu ya kazi yao njema: kabla maiti haijaondoka Doha, zipate cheti, zikisome, na palipoandikwa tu kwamba moyo ulisimama ziuandikie ubalozi kuuliza moyo wa mtu wa miaka 30 ulisimamishwa na nini, alikuwa kazini saa ngapi, na jua lilikuwa kali kiasi gani. Barua hiyo itiwe saini na wazee wa msikiti na wa kanisa kwa majina yao kamili, isiachiwe kijana mmoja wa bwenini kuiandika usiku kwa jina la kubuni.