Noeli mpya ya kila mwaka

Ibada ya masomo tisa na nyimbo za Noeli katika kanisa la King's College, Cambridge, ilianza mwaka 1918, na BBC iliirusha redioni kwa mara ya kwanza mwaka 1928. Kwa desturi hufunguliwa na sauti ya mtoto mmoja, bila kinanda, kanisa zima likiwa kimya. Mwaka 1983 kiongozi wa kwaya, Stephen Cleobury, alianzisha utaratibu wa kuagiza wimbo mpya kila Krismasi. John Rutter alitunga wa 1987, Arvo Pärt wa 1990. Huo wa Pärt huimbwa kwa takriban dakika moja tu. Asiyetega sikio humpita. Wimbo mgeni hauzoeleki kwa kusikilizwa mara moja.