Wageni wa Selander wasiopokelewa

Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nimeshasimama pale Daraja la Selander, darubini ya kuazima shingoni. Daladala ikapunguza mwendo, konda akachungulia: "Kaka, unasubiri meli?"

Hapana jamani, nilikuwa nasubiri ndege. Siyo wale wa Kipawa, hawa wenye manyoya.

Kila mwaka kuanzia Agosti, kiangazi cha kaskazini ya dunia kikielekea ukingoni, ndege wa ufukweni huanza kushuka kuja pwani yetu. Wengi wametoka kuzaliana Siberia, karibu na Aktiki, ambako joto hudumu wiki chache tu. Wanaruka maelfu ya kilomita, halafu baadhi yao wanatua kwenye tope hili hili ambalo sisi tunalipita tumeziba pua.

Ilikuwa bamvua, maji yangekupwa mpaka saa nne hivi. Tope lilipoanza kuonekana, wakaja. Kwanza sululu, mdomo mrefu uliopinda kama mundu, akachomoa kaa shimoni na kumtikisa mpaka miguu ikamtoka. Kisha kundi la vitwitwi wadogo, wanadona tope haraka haraka kama cherehani. Wachache walikuwa bado na wekundu wa tofali kifuani, mabaki ya nguo za harusi za Siberia. Hao ni wazazi. Watoto wao waliozaliwa mwaka huu huja nyuma, peke yao. Mtoto wa miezi miwili mitatu, hajawahi kuiona Afrika, na hakuna mzazi wa kumwonyesha njia!

Mzee mmoja alikuwa anatengeneza wavu pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Unachungulia nini?"

Nikamwonyesha. Akacheka. "Hao? Ukishawaona hao ujue kusi linaelekea kwisha."

Jumatatu nikapeleka wazo la habari kwenye kikao cha chumba cha habari. Swali la kwanza: "Kuna aliyekufa?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nikaona jibu nilikuwa nalo. Ndiyo, yupo. Sululu ana ndugu yake mwenye mdomo mwembamba, ambaye alikuwa akizaliana Siberia na kwenda Mediterania wakati wa baridi. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa Moroko, mwaka 1995. Mwaka 2025 IUCN ikatangaza kwamba ametoweka duniani. Na hawa vitwitwi wa midomo iliyopinda, mwaka 2024 waliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Waliomwona yule wa Moroko hawakujua kwamba wanamuaga. Hilo ndilo linalonikera, maana sisi waandishi tumezoea kufika msibani, hatufiki wodini.

Hoja yangu ni moja. Tope la Selander si eneo lisilo na kazi. Ndege hawa hula maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, hukaa pembeni na njaa yao mpaka yatoke tena. Ukifukia tope, ukikata mikoko, ukiacha Mto Msimbazi umwage taka za mji mzima hapo mdomoni, umewanyang'anya sahani. Na sahani hiyo si yao peke yao. Mzee wa wavu anakula humo humo, maana kwenye mikoko ndiko samaki na kamba wachanga hukulia.

Kwenye karatasi tuko vizuri. Tanzania imo kwenye mkataba wa AEWA wa kuhifadhi ndege wa maji wanaohama tangu mwaka 1999, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa lilitangazwa la Ramsar mwaka 2004. Safi sana. Lakini ndege anayetua Dar hajui mpaka wa Ramsar uko wapi.

Simpingi anayejenga. Mimi mwenyewe hupita Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, na foleni naichukia kama wewe. Ninachotaka ni kwamba kila mradi wa ufukweni useme hadharani, kabla ya greda kufika, tope na mikoko kiasi gani vitapotea. Nasi waandishi tuulize swali hilo siku ya jiwe la msingi, tusisubiri maafa. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku Juni 2019, na watu waliosema haiwezekani leo wanabeba vikapu. Kwa hiyo tukitaka, tunaweza.

Saa tano kasoro maji yakaanza kurudi. Ndege wakarudi nyuma hatua kwa hatua, wanadona mpaka dakika ya mwisho, halafu wakaruka wote pamoja kuelekea kwenye mikoko.

Watoto bado wako njiani. Bamvua ijayo nitakuwa pale pale darajani. Darubini ni moja, tutapokezana.